Macho ya barazani: maswali yenu kuhusu mhusika huntha

Mmeuliza wengi, watunzi na wanafunzi wa skuli, vipi uandike mhusika huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili, na hofu yake ya kusemwa na watu. Nimechukua manne.

*Nitaonyeshaje hofu bila kuandika "aliogopa"? (Wete)*

Mpe kanga, sitanii. Jirani kapita mbele ya baraza kajitanda kanga mpya, jina lake "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", mhusika wako kasoma tu roho ikamruka, kaingia ndani katia komeo kakaa kitandani anajiuliza nani kamwambia huyu, mama? mkunga? au yule shangazi wa Chake? Na huku msomaji ushamuonyesha mapema kwamba kanga ile imenunuliwa kumsema mke mwenza, wala jirani hana habari na mtu mwengine. Hapo fumbo unalo, maswali ya balagha unayo, kinaya unacho, vyote kwenye kipande cha nguo. Na kwetu kusemwa kwa kanga nani asiyekujua, huna haja ya kueleza.

*Nisimulie kwa "yeye" au "mimi"?*

Kiswahili kimetubeba hapa, "yeye" haina kike wala kiume, utakwenda kurasa kumi msomaji asijue. Kinachofichua ni kitenzi, mwanamme anaoa, mwanamke anaolewa, huna pa kukimbilia. Basi bibi amuulize, "Na weye lini?" naye ajibu, "Mungu akijaalia bibi, ntakuwa na kwangu." Kakwepa. Akikwepa mara ya tatu, tena kwa maneno yale yale, takriri hiyo inatosha. "Mimi" mie ningeiweka sura za usiku tu.

*Ajitazame kwenye kioo?*

Hapana bwana, kioo kimechoka. Tena utamfanya msomaji akodolee mwili wakati hadithi yako ni ya macho ya watu. Weka tundu la mlango.

*Neno huntha si tusi? (Mkoani)*

Inategemea liko kinywani mwa nani. Kwenye fiqhi ni istilahi tu, utaikuta kwenye mirathi na kwenye safu za sala, kwa Mashafii huntha ambaye hajabainika husimama nyuma ya wanaume mbele ya wanawake. Maskani linarushwa kama jiwe. Litumie mara mbili, sheikh alitamke darsani kwa upole halafu kijana alitamke njiani, neno ni lile lile ila mhusika apunguze mwendo mara ya kwanza na akimbie mara ya pili.

Nyongeza, hamkuniuliza lakini ntasema. Wengi mnaipeleka hofu hii harusini. Mie ningeipeleka msibani, maiti anaoshwa ndani, mwanamke kwa wanawake wenziwe mwanamme kwa wanaume wenziwe, naye kakaa nje mkekani, kahawa inampoa mkononi, anawatazama watu mmoja mmoja anahesabu nani atakayemuosha yeye.