Kabla hujauza hiyo kamera mkuu, kaa kwanza barazani

Mkuu umesema una Canon 1300D na lenzi yake ile ya kuvuta ya 18-55, picha zako za sherehe zinatoka "zimekufa", sasa unataka uuze vyote uongezee milioni na nusu uchukue kamera kubwa. Naomba usiuze kwanza, mimi hiyo njia nimeipita.

Nilianza na 1100D iliyotumika, nikawa napiga nikahi na maulidi huku Tanga. Shida yangu ilikuwa sura. Bwana harusi kanzu nyeupe, mashahidi kanzu nyeupe, ukuta wa msikiti mweupe, halafu uso wa mtu unatoka kama kivuli na hiyo kanzu yenyewe hata nyeupe haitoki, inatoka rangi ya majivu. Nikasema kamera mbovu hii. Nikaazima ya rafiki yangu, bei yake mara tano ya yangu, nikaenda nayo nikahi nyingine, narudi nyumbani nafungua kwenye laptopu, majivu yaleyale na sura zilezile. Nililala vibaya siku ile maana hela ya watu nilishachukua, na nikahi hairudiwi ili wewe upige tena.

Ishu ni kwamba kamera haijui kanzu. Ikipima mwanga inachukulia wastani wa vyote inavyoviona ni kijivu, kwa hiyo ukiijazia weupe inadhani mwanga umezidi inapunguza, na ikipunguza cha kwanza kuzama ni ngozi zetu. Kuna kitufe cha alama ya kujumlisha na kutoa, peleka +1, uso ukifunguka acha hapohapo. Bwana harusi akiwa na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi unafanya kinyume, unashusha. Basi, kile nilichodhani kinahitaji mamilioni kilikuwa kwenye kitufe ambacho sijawahi kukigusa mwaka mzima.

Aliyenionyesha ni mzee mmoja wa studio za zamani, wa enzi za filamu. Aliona napiga picha 900 harusi moja akaniuliza, mwanangu, unatafuta nini humo? Akanipa zoezi, mtu mmoja, sehemu moja, lenzi usiizungushe kuvuta karibu au mbali, picha 36 tu kwa siku maana ndio roli la filamu, na kioo cha nyuma usikiangalie mpaka ziishe. Nikamkalisha mdogo wangu barazani kuanzia asubuhi. Saa moja mwanga unaingia kwa ubavu, pua inaonekana, shavu linaonekana, uso una umbo. Saa sita jua liko utosini, macho yamekuwa mashimo mawili. Nikamrudisha hatua mbili ndani ya kivuli cha baraza akiwa anatazama nje, mchanga wa uani ukawa unamrudishia mwanga kwa chini, macho yakafunguka. Hatua mbili tu mkuu, na kamera ni ileile! Siwezi kukuelezea nilivyofurahi siku hiyo. Na huku kwetu karibu na ikweta jua linazama haraka sana, ule mwanga laini wa jioni haukusubiri, ndio maana bibi harusi akiniambia tutoke nje saa kumi na mbili na robo namwomba tuanze kumi na moja na nusu.

Halafu tafuta picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa zamani wa Bamako, Mali. Alifungua studio 1948, anapiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma katundika kitambaa, na mara nyingi mteja mmoja picha moja maana filamu ilikuwa gharama. Angalia mikono ya watu wake ilivyowekwa, angalia mabega. Kila kitu alikuwa ameshakipanga kabla hajabonyeza.

Sisemi vifaa havina kazi. Ukumbini usiku 18-55 inakwama kweli, ukiivuta mpaka 55 mwisho wake f/5.6 (namba ya f ni tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), wakati lenzi isiyovuta ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Mimi niliinunua baada ya kuona kila sherehe ya usiku spidi ya shata, ule mlango wa kuingiza mwanga, inashuka mpaka 1/20 ya sekunde na wanaocheza wote wanaburuzika, yaani nilishajua kabisa nakwama wapi. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo milioni na nusu, na inaingia kwenye 1300D yako bila shida. Wewe ulivyoandika "zimekufa" hujasema zimekufa wapi, ni sura giza, ni fokasi, au watu wamesimama kama wanapiga pasipoti? Kila moja ina dawa yake na mbili kati ya hizo hazihitaji hata shilingi.

Jumamosi hii mkalishe mtu mmoja nyumbani kwako, piga hizo 36, kisha weka sita hapa na kila moja andika ulipiga saa ngapi na jua lilikuwa upande gani. Nikitoka kazini Jumatatu nitazipitia moja moja.