Tarehe ya kuripoti itapita mume wangu akiwa Tanga: tumlipe wakala?

SWALI: Habari za kazi. Mume wangu anakata vito katika kampuni moja huko Chanthaburi, Thailand, huu ni mwaka wa pili. Sasa yuko nyumbani kwa likizo, atarudi tarehe 5 Mei. Kwenye pasipoti yake kumebanwa kikaratasi kinachosema aripoti uhamiaji tarehe 12 Aprili. Mwenzake wa kazini amepiga simu kusema kuna wakala atakayemripotia kwa malipo, la sivyo atapigwa faini na viza itafutwa. Tutume hizo pesa? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Msitume, dada. Mtu aliye nje ya Thailand hana cha kuripoti. Mgeni anayekaa huko hutakiwa kuripoti kila siku tisini, lakini siku zinazohesabiwa ni za kukaa ndani ya nchi mfululizo, na siku shemeji alipogongewa muhuri wa kutoka, hesabu ile ilikatika. Akiingia tena inaanza upya, moja. Kikaratasi cha 12 Aprili hakina nguvu tena. Tena wakala akienda kuandika kwamba mtu huyu anaishi Chanthaburi wakati pasipoti inaonyesha ametoka, atakuwa amepeleka taarifa ya uongo kwa jina la mumeo.

Hofu yenu naielewa, maana kikaratasi chenyewe kimekaa kama amri ya mahakama. Lakini ripoti hii, inayotokana na kifungu cha 37 cha Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979, ni taarifa ya anwani tu: bado nipo, naishi hapa. Ni kama mgeni wako anapoandikishwa kwa mjumbe. Haiongezi hata siku moja kwenye muda wa kukaa, na kuichelewesha hakufuti viza. Anayechelewa akajipeleka mwenyewe hutozwa baht 2,000. Akikamatwa kabla hajajipeleka, faini hupanda.

Mimi ningekuwa nyinyi ningesahau tarehe hiyo na kufungua pasipoti usiku huu huu kutafuta kitu kingine: muhuri ulioandikwa "Re-Entry Permit". Hicho ni kibali cha kuingia tena, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu aliyeongezewa muda wa kukaa, tuseme hadi Novemba, akitoka bila kibali hicho, muda wote uliobaki unakufa pale pale mpakani, hata kama muhuri bado unasomeka vizuri. Kibali cha kazi nacho kinaegemea ukaaji huo huo. Kibali cha kuingia tena huombwa kwa fomu TM.8 kabla ya kutoka, kwenye ofisi ya uhamiaji au viwanja vikubwa vya ndege kama Suvarnabhumi cha Bangkok. Ada ni baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Hakiombwi ukiwa Tanga wala Dar.

Muhuri huo ukiwepo na tarehe yake ikiwa haijapita, lala usingizi. Usipoonekana, na viza yenyewe si ya kuingia mara nyingi iliyo hai, mwajiri aarifiwe kesho, si tarehe 4 Mei, kwa sababu itabidi shemeji aombe viza mpya na kampuni ndiyo itakayotoa barua. Pesa za wakala zitafaa huko.

Sasa hesabu ya akirudi. Siku ya kuingia huhesabiwa kuwa ya kwanza. Akigongewa muhuri tarehe 5 Mei, siku ya 90 ni tarehe 2 Agosti, wala si tarehe 5. Wengi husema "miezi mitatu" na kuhesabu kwa vidole, kumbe wameshapitiliza. Ofisini wanapokea ripoti kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake, yaani kwake kuanzia 18 Julai hadi 9 Agosti, bila faini. Siku hizo saba za mwisho ni za anayefika dirishani tu. Anayetumia mtandao hana nyongeza hiyo, kwa hiyo aanze mapema, mfumo ukigoma apate muda wa kwenda mwenyewe.

Fomu ni TM.47, na kuiwasilisha hakuna malipo yoyote. Mtu mwingine anaruhusiwa kuipeleka kwa niaba yake akiwa yuko ndani ya nchi, na hapo ndipo wakala ana kazi halali. Kampuni nyingi humtuma karani wao. Posta pia inakubalika, kwa barua ya rejista, ila mimi siipendi: ikipotea njiani, anayetafutwa ni yeye. Akishapewa risiti aipige picha na kukutumia. Wewe uliye huku ndiye utakayemkumbusha vizuri zaidi kuliko simu yake.

Liko jambo moja linalochanganywa na hili. Mwenye nyumba anayempangisha mgeni anatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni afike, kwa fomu TM.30. Wajibu ni wa mwenye nyumba, lakini anayesumbuliwa dirishani ni mpangaji, kwani ofisi nyingi huuliza risiti hiyo anapokwenda kuongeza muda. Kama shemeji anapanga kuhamia chumba kingine akirudi, aisisitize siku ileile ya kuingia, kabla mwenye nyumba hajapokea kodi ya miezi yote na kuwa mgumu kupatikana.

Safarini kwenyewe kuna mawili. Tangu 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kuwasili ya Thailand mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo; tovuti inayodai pesa kwa kadi hiyo si ya serikali. Anwani atakayoandika humo ifanane na ile atakayoripoti Julai. La pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania imo kwenye orodha ya Thailand, na chanjo inatakiwa iwe imetimiza siku kumi kabla ya kusafiri. Kama kile kitabu cha njano kimepotelea Chanthaburi, muda wa kukishughulikia ni sasa, na mwisho wake ni wiki ya tatu ya Aprili.