Barua Iliyolowa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: umepanga safari ya bahari ya kwenda na kurudi siku moja, alfajiri ukaamka mvua inanyesha, utakwenda au utaghairi? Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, na jibu langu ni fupi: ghairi. Mvua yenyewe si kitu. Tabu iko kule unakofika, unapomwingilia mtu nyumbani kwake maji yanakuchuruzika.

Nasema kwa yaliyonikuta. Masika ya 1998, mwaka ule wa El Niño, tulikwenda Tanga kumposea kaka yangu. Tulikuwa watu saba kwenye boti ya kukodi. Siku ilikwishawekwa, wenyeji wamekwishapika, na ami akasema posa haiahirishwi kwa manyunyu. Manyunyu! Tulipokiacha Kisiwa cha Fundo nyuma, kusi likatushika ubavu wa kushoto na halikutuachia mpaka ng'ambo. Mimi, mdogo wao, nilipewa kopo la kufulia maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, na mapajani nimepakata kikapu cha halua. Halua ilisalimika, ilikuwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Barua ya posa haikusalimika. Ami aliificha ndani ya kofia yake, akiamini kichwa cha mtu mzima ndipo mahali pakavu kuliko pote chomboni.

Tukafika mtaa wa Ngamiani wazee wangu wametota, kanzu zimewaganda miguuni. Wakasimama barazani, hakuna anayetaka kukanyaga mkeka wa watu. Ami anasema hapa hapa panatosha, sisi si wakaaji. Mama mwenye nyumba akatoka, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Baba, mkeka utakauka. Ingieni." Akarudi na vikoi saba. Posa ya kaka yangu ikasemwa na wazee sita waliojifunga vikoi vya mtu mmoja, vifua wazi kama wavuvi, na kijana mmoja anayenuka ngama.

Kisha barua. Ilipofunguliwa ilikuwa mawingu ya buluu matupu, imebaki Bismillahi ya juu na kipande cha tarehe. Ami akaisoma. Akaisoma yote, kwa sauti, na salamu za kila mzee kwa jina lake, hakusita hata pahala pamoja. Mimi nilikaa ubavuni pake, nikaona ameishika juu chini. Baba wa binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Barua yenu tumeifahamu." Tukaletewa wali na samaki wa nazi, na kahawa. Kanzu zikatundikwa jikoni juu ya moto wa kuni, ndiyo maana tulirudi Wete jioni ile tunanuka moshi kama samaki wa kubanikwa.

Sasa nikiandika haya naona nimejikaanga mwenyewe. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia siku ile kama aibu, na kumbe lile neno la mkeka ndilo lililotufanya jamaa kabla barua haijafunguliwa. Tungefika wakavu, tungepokewa kama wageni. Basi, Mhariri, naghairi kughairi: nendeni. Lakini nasema mvua tu, sisemi upepo. Nahodha akikwambia leo hapana, usimpe nauli ya ziada. Boti ikijaa, shuka. Boya la kuvaa liwe mkononi mwako, lisiwe limefungiwa stoo. Waliokuwa Pemba asubuhi ile ya tarehe 10 Septemba 2011, habari za kuzama kwa MV Spice Islander huko Nungwi zilipoanza kuingia, hawahitaji kuelezwa zaidi. Na barua itieni kwenye mfuko wa halua.

Kikoi kimoja hakijarudi Tanga hadi leo. Ninacho mimi, chekundu, pindo limekatika. Shemegi anajua, kila akija Wete hukiulizia.