Kabla hujanunua hiyo mashine, uliza nani ana nywila ya ruhusa

Wewe unayeuliza mashine gani ya alama za vidole itamaliza utoro wa walimu katika shule zenu za Samburu, na wazazi washirikishwe vipi: usinunue. Hiyo amana usiilipe.

Shirika letu liko hapa Nairobi na linalipa walimu wa kijamii huko juu, wale ambao TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, haijawaajiri. Mshauri mmoja alitukalisha hotelini Kilimani na slaidi zake: mwalimu anaweka kidole, taarifa inafika Nairobi, utoro kwisha. (Msiniulize kwa nini nilimwamini. Sambusa zilikuwa moto.) Tukalipa mashine, sola, leseni ya mwaka. Vumbi lilisumbua, betri zikasumbua, lakini kilichotumaliza ni kitufe kimoja tu: "Ruhusa", cha kumwandikia mwalimu asiyekuja kwamba ana udhuru. Nywila yake alikuwa nayo mwalimu mkuu, ambaye anaishi na hao walimu, anakula nao, na mmoja ni shemeji yake. Amnyime ruhusa halafu alale wapi? Ripoti zilikuja safi kama sahani ya mgeni, na kule shuleni msichana wa gredi ya 5 ndiye aliyeshika ufunguo wa darasa na chaki. Kuna mwalimu aliandikiwa semina tarehe 1 Juni. Sikukuu ya Madaraka, shule zimefungwa! Mishahara nayo ikatoka yote, kila mwezi. Nikampigia mshauri, akaniambia hiyo ni "changamoto ya utawala", mfumo wake hauna shida. Invoisi ya pili haikuchelewa lakini.

Kinachoniuma ni kwamba haya yalishajulikana. Udaipur, India, shirika la Seva Mandir lilianza mwaka 2003 kuwapa walimu kamera zenye tarehe na saa zisizochezewa. Mtoto anampiga mwalimu picha asubuhi na wakati wa kufunga, na mshahara unahesabiwa kwa siku zenye picha. Utoro ukawa asilimia 21, na kwenye shule zisizo na kamera asilimia 42. Huko huko Udaipur wakajaribu mashine za kugonga tarehe na saa kwa wauguzi wa serikali. Mahudhurio yakapanda, kisha maafisa wa afya wakaanza kuwaandikia siku za ruhusa; baada ya miezi 16 hivi hakukuwa na tofauti yoyote. Na kwetu hapa, Busia, walimu wakuu waliachiwa wagawe bonasi kwa walimu wa chekechea wanaohudhuria. Wakawapa wote.

Kwa hiyo: malipo yafuate rekodi moja kwa moja, na anayekaa na mwalimu asiwe ndiye wa kumsamehe. Ruhusa iombwe kwenu, kabla ya siku yenyewe, na idadi yake iwe kwenye mkataba wa mwalimu. Kama walimu wako ni wa TSC, mshahara wao huugusi, basi mashine utakuwa umemnunulia mwalimu mkuu pambo la ofisi.

Nitumie huo mkataba wa mashine inboksi kabla hujatia saini. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa "haki za mtumiaji", yaani nani anaruhusiwa kubonyeza nini kwenye mfumo, uone jina la nani liko pale.