Kupima CD4 kwa tone la kidole huko Faza

Dada, umeuliza kama kile kimashine cha kutoboa kidole kinatosha kumpima kinga kakako anayeishi na VVU huko Faza, asilazimike kupanda boti kila mara hadi hospitali ya Lamu. Kwa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga ambazo VVU huziharibu, kinatosha. Muuguzi anamdunga ncha ya kidole, anafuta tone la kwanza, linalofuata linaingia kwenye katriji, na baada ya dakika kama 20 namba inatoka. Mashine kama Pima hutumia betri, haingoji stima. Visiwani hiyo ni neema kubwa, maana damu ya CD4 haifai kukaa siku nyingi kwenye chupa, na kusi likivuma safari si ya kutegemea.

Ila CD4 inaonyesha kinga imefika wapi tu. Kama dawa zinafanya kazi, hilo linajulikana kwa kipimo cha wingi wa virusi, ambacho sampuli yake mara nyingi hupelekwa maabara kubwa. Asikikose.

Na CD4 ikiwa chini ya 200, tafadhali asirudi nyumbani na namba peke yake. Aombe kupimwa kifua kikuu na kriptokokasi, yule kuvu wa homa ya uti wa mgongo, hata kama hakohoi wala kichwa hakimuumi. Hayo mawili ndiyo yanayowamaliza watu wetu. Aulizie na septrini, dawa ya kuzuia maambukizi nyemelezi. ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, asiache hata CD4 ikipanda ikafika 600. Akiacha itaporomoka tena.