Muulize Fundi: Oringi ya kamera imevimba haikai tena

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napigia wageni picha na video pale chemchemi ya Chemka, kamera naiweka kwenye kasha la kuzamia lenye oringi nyeusi, ile raba ya duara ya kuzuia maji, mlango wa nyuma. Jamaa akaniambia niipake mafuta ya mgando iwe inateleza, basi nikawa napaka kila wikiendi. Sasa imevimba, nikiikandamiza upande huu inachomoka ule, na juzi maji yaliingia ila kamera ilipona. Duka la vipuri wana oringi nyeusi za pampu, ninunue? Desemba nina maharusi wanaenda kuzamia Pemba. — Wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na kama kamera ilipona basi shukuru.

Nenda gereji yoyote ya magari ya utalii hapa Arusha umwambie fundi atie oili ya injini kwenye breki, atakufukuza, maana anajua zile raba zitavimba na gari itarudi inaburutwa. Nyingi ni EPDM, raba nzuri sana kwa maji na jua, ila na chochote kinachotokana na mafuta ya petroli haviivi chungu kimoja. Na mafuta ya mgando ndo huko huko yanakotoka. Kwahiyo oringi yako karibu nina uhakika ilikuwa EPDM, itupe, hata ukiianika wiki nzima hairudi.

Za pampu mara nyingi ni nitraili, aina nyingine ya raba, nayo inafaa tu, sina neno. Ila rangi isikudanganye, nyeusi zote zinafanana. Nenda na kasha na venia, kile kipimo cha fundi cha kubana, pima unene, maana dukani zile za milimita 2.5 na za 2.62 zinachanganywa kopo moja na kwa macho huoni tofauti, ila mlango unaiona. Angalia pia isiwe na mshono uliojitokeza pembeni.

Grisi sasa. Nitraili na EPDM zote zipake grisi ya silikoni, ile safi, sio ya beringi wala dawa ya kupuliza ya kulegeza nati. Penye mtego ni oringi ambayo yenyewe ni ya silikoni, hizi laini laini ambazo mara nyingi zina rangi, watu wanasema silikoni kwa silikoni si ndugu? Ndugu ndio, ila inainywa inavimba. Hiyo ipake grisi iliyokuja na kasha lake, basi. Kama hujui uliyonayo ni ipi, chukua kuukuu unayoitupa ukate kipande ukichome nje huko, nitraili inatoa moshi mweusi wa masizi, silikoni inaacha majivu meupe.

Halafu usipake kama unapaka mkate siagi!! Grisi haizuii maji, kinachozuia ni raba iliyobanwa, grisi kazi yake oringi iteleze ikae mahali pake isijisokote. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha oringi nzima, ing'ae tu. Ukizidisha inakusanya lile vumbi letu na mchanga, na unywele mmoja tu ukilala juu ya oringi ni mfereji tayari.

Pemba: kila mita 10 za maji zinaongeza kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwahiyo mlango wa sentimita 8 kwa 10 unakandamizwa na kilo 80 hivi, zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Huko chini unabanwa wenyewe, ndo maana mara nyingi kasha linavujia juu juu pale mtu anaporuka. Lizamishe kwanza bila kamera, ukitoka baharini liloweke maji baridi ya bomba kabla hujafungua.

SWALI: Fundi, nilifunga kasha nyumbani Arusha, kufika Tanga halifunguki kabisa, nikatumia kisu. Tatizo grisi? — Sanawari

JIBU: Grisi haina kosa, ni mlima. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa uliyoifungia humo ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa asilimia 15 hivi, kwahiyo kwenye mlango kama ule wa mwenzako hapo juu inakuwa kama kuna kilo 12 zimeukalia. Kisu hapana jamani, umeshakwaruza mfereji inamokaa oringi, pitisha ukucha taratibu, ukihisi mkwaruzo hata oringi mpya haitakusaidia. Siku nyingine penyeza kona ya kadi ya benki iliyoisha muda. Na safarini toa oringi kabisa, iweke kwenye kimfuko safi, mlango uuegeshe tu bila kufunga.