Paja kukamata dakika za mwisho

Pole ndugu yangu. Unasema msuli wa nyuma ya paja hukukamata mechi ikielekea mwisho, ingawa unapasha vizuri. Mimi naona ni uchovu. Unapokimbia kasi, mguu ukienda mbele kabla ya kukanyaga, msuli huo unavutwa huku umekaza, ndio breki yako. Ukichoka breki inalegea, nyuzi zinachanika.

Ujenge hivi: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shuka mbele polepole, mwili umenyooka, hadi ushindwe, udake kwa mikono. Wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za mara 5. Utaumwa kidogo, kwa hiyo usifanye karibu na mechi.

Ukihisi kitu kimekatika ghafla, nakusihi, toka uwanjani.